Waipa Juu ya Kabati

Nilikuwa natafuta picha ya Mama. Tulikuwa tunajiandaa kwenda nyumbani Alego kwa ibada ya kumkumbuka, na shangazi zangu walitaka picha kubwa ya kuweka mezani, ile aliyovaa gauni la kwaya. Nikapanda juu ya stuli, nikapapasa juu ya kabati la sebuleni, na badala ya picha mkono wangu ukakuta kifurushi kirefu chembamba cha gazeti, kimefungwa kwa uzi wa cherehani. Nilikijua kabla sijakifungua. Harufu ya raba kuukuu ikanipanda puani, na vumbi, na mafuta ya taa kwa mbali, nikajikuta nimekaa kwenye zulia, mwanamke mzima mwenye watoto wake, nalia juu ya waipa za gari.

Wa rika langu waliokulia Eldoret hawatanishangaa. Wakati ule, kuacha waipa kwenye gari usiku ilikuwa sawa na kuzigawa bure. Mji ulikuwa na watu wenye mapenzi makubwa na waipa, vioo vya pembeni na vifuniko vya magurudumu. Wenye magari walichora namba za usajili kwenye vioo, na waangalifu kabisa walichomoa waipa kila jioni na kuingia nazo ndani. Pale kwetu, mtaa wa West Indies, akina baba walirudi kutoka kazini wakiwa na mkate kwapani na waipa mkononi. Nilidhani wanaume wote duniani hurudi nyumbani hivyo.

Baba alizifunga kwenye gazeti na kuzilaza juu ya kabati. Asubuhi nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchungulia mlangoni nitazame pale juu. Gazeti likiwepo, Baba yupo. Lisipokuwepo, ameshaenda kwa ng'ombe wa watu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ndivyo nilivyomlinda baba yangu.

Alikuwa afisa wa mifugo, lakini wakulima wote walimwita daktari, naye hakuona sababu ya kuwabishia. Gari lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Hapo mwanzo lilikuwa jeupe, baadaye likawa rangi ya chai ya maziwa, na ndani lilinuka dawa ya kupe, sabuni na maziwa yaliyomwagika siku ambayo hakuna aliyeikumbuka tena. Lilimpeleka Moiben na kwingineko kwenye matope, na likamrudisha. Mimi aliniita Dani, yaani bibi, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na jina hilo lilinipa kiburi kikubwa kuliko mwili wangu.

Msimu mmoja wa mvua, waipa zikaanza kumsumbua.

"Hizi waipa hazifuti," alisema, akisogeza uso karibu na kioo. "Angalia vile zinaacha kioo."

Tukaenda kununua mpya. Kuzibadilisha ilikuwa shughuli yangu na yake, na ilikuwa na taratibu zake. Kwanza taulo kuukuu lilikunjwa na kuwekwa juu ya kioo. "Taulo kwanza, Dani. Huu mkono ukiruka bila waipa, unapasua kioo, halafu mama yako atatupasua sisi." Kisha akauinua mkono wa chuma, akaigeuza waipa, akabonyeza kijiulimi kidogo pale katikati, akaisukuma chini mpaka ikatoka kwenye kulabu. Mpya ikaingia kwa kinyume chake, na ilipofika mahali pake ililia tik. Niliipenda sana ile tik. Ndefu ilikwenda upande wa dereva, fupi upande wa abiria, na mimi ndiye niliyepewa ruhusa ya kuondoa taulo.

Haikupita muda akaanza tena. Raba ilikuwa feki. Muuza spea alikuwa mwizi. Tukanunua nyingine, kutoka duka jingine, na hizo pia hazikufuta. Akasugua raba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akasikia kwamba kiazi kibichi hung'arisha kioo, akachukua viazi vya chakula cha jioni, akavikata vipande viwili viwili na kusugua kioo chote, ndani na nje. Mama alimtazama kutoka mlangoni. Jioni hiyo tulikula mchuzi wenye viazi vichache sana.

Mama hakuwa msemaji. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kazi ile ilimfaa, kwa maana mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali. Angeweza kukaa na wageni alasiri nzima akatoa "ee" na "kweli" pekee, nao wakaondoka wakisema wamezungumza vizuri. Kanisani aliimba, nyumbani alinyamaza. Nilidhani amezaliwa hivyo.

Ndipo akaanza kuandamana nasi Jumamosi, siku ambazo Baba alinichukua kwenda kwa wakulima. Hakuwahi kuwa na hamu ya ng'ombe, lakini ghafla aliacha sare za watu zikisubiri, akavaa viatu vya mvua, akakaa kiti cha mbele kando ya Baba. Tulipotoka tu langoni, alifungua mdomo na hakuufunga mpaka Moiben.

"Aki, ona huyo mama na mtungi ya maziwa, anavuka bila kuangalia. Anavuka. Sasa amevuka. Kuna baisikeli imebaki upande yetu, imebeba kabichi, na huyo kijana amevaa sweta ya kijani imetoboka kiwiko. Hana mama huyo?"

"Mm," Baba alisema.

"Trakta inakuja. Bado iko mbali. Imefungwa utepe nyekundu mbele, kwani inaenda harusi? Hapo kushoto kuna shimo. Imejaa maji, mbingu yote iko ndani. Hiyo pita kulia."

Baba alipita kulia.

Nami kiti cha nyuma nilishangaa. Mama yangu amekuwa mmbea! Alisema habari za kuku, za mbuzi, za nguo za watu asiowajua. Nilimwonea aibu kidogo, na nilifurahi kidogo, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri nami sikuwahi kuisikia kwa wingi namna hiyo. Tukirudi nyumbani alirudisha pini mdomoni na kunyamaza. Nikafikiria jambo hilo kwa makini, nikapata jibu. Ni kile kiti cha mbele. Kulikuwa na kitu ndani yake kinachoongelesha watu. Kuanzia siku hiyo nilitamani kukaa pale kuliko nilivyotamani soda.

Siku yangu ikafika. Mama aliamka na mafua mabaya, koo limemkauka, sauti hakuna. Asubuhi hiyohiyo ujumbe ukaletwa kwamba ng'ombe wa Mzee Kosgei kule Moiben alikuwa anashindwa kuzaa. Mama akasimama mlangoni akatikisa kichwa. Akanong'ona neno, nadhani lilikuwa "usiende."

"Ng'ombe haiwezi ngoja koo yako ipone," Baba alisema, kwa upole. "Jua imewaka. Hakuna mvua leo. Barabara naijua."

Mama akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, akaniketisha kwenye kiti cha mbele, akanifunga mkanda na kuchuchumaa kando ya mlango mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Pumzi yake ilinuka limau na tangawizi.

"Mwongeleshe baba yako," alinong'ona. "Kila kitu unaona, sema. Usinyamaze."

"Hata kama ni kitu ndogo?"

"Hata kama ni kuku."

Kumbe ni kweli! Kiti kilikuwa na masharti yake, na Mama alikuwa ananikabidhi. Nikaanza kazi tangu langoni. Nilitaja kuku, mbwa, mwanamume anayefunga kiatu, duka lenye mlango wa bluu. Nilitaja ng'ombe wote kwa rangi zao. Baba alicheka, akaniambia nimemshinda mama yangu, nami nikazidi.

Tatizo lilikuwa mahindi. Mahali fulani njiani Baba alisimama akaninunulia hindi la kuchoma, lenye chumvi na pilipili, na mtu mwenye hindi la moto mdomoni hawezi kuhubiri. Nikanyamaza, nikawa natafuna. Jua lilikuwa kali, anga halina wingu, mashamba ya mahindi yamesimama pande zote mbili. Baba naye alikuwa ameegemea usukani, uso karibu na kioo.

Waipa zikaanza kucheza.

Zilipita kwenye kioo kikavu zikilia kwaruu, kwaruu, nami nikacheka mpaka punje zikanitoka mdomoni.

"Baba! Mbona umewasha waipa? Hakuna mvua."

"Ni ukungu, Dani. Huko mbele yote ni nyeupe."

Nikainua macho kutoka kwa hindi langu.

"Sio ukungu, Baba. Ni watu. Baba, ni watu!"

Walikuwa waumini wa kanzu nyeupe, wale wanaoabudu siku ya Jumamosi, wameijaza barabara yote kwa upana wake, wametupa mgongo, bendera yao mbele. Baba akakanyaga breki. Gari likateleza upande kidogo, likasimama, injini ikazima. Waipa pekee ndizo zilizoendelea, kwaruu, kwaruu. Baba akateremsha kioo cha dirisha, na ngoma yao ikaingia ndani, karibu sana. Tungesonga mbele kidogo tu, tungewafikia.

Mama mmoja mzee wa kanzu akageuka, akatuona tumesimama, akaja mpaka dirishani akitabasamu.

"Mungu akubariki, baba," alisema. "Wengine wanatupigia honi. Wewe umesimama kwa heshima."

Mama yule akaweka mkono juu ya paa la gari, akatuombea kwa maneno machache, akarudi kwa wenzake. Ngoma ikaenda ikififia. Baba alikuwa bado ameukaza usukani kwa mikono miwili, nami nikadhani amekasirika, na nilijua ni kwa sababu ya nini.

"Tutanunua zingine, Baba," nikamwambia. "Tutaenda kwa ile duka ya mbali."

Akazima waipa.

"Hapana, Dani. Waipa haina makosa."

Kisha akaniuliza kama kutoka pale ninaona mabati ya Mzee Kosgei. Nikamwambia naona, ni yale mekundu nyuma ya miti. "Haya," akasema, "leo utanipeleka wewe." Alisukuma gari kando nami nikimwelekeza wapi mtaro unaanzia, akachukua mkoba wake wa kazi, akaweka mkono begani kwangu, tukatembea. Sikutilia shaka lolote. Nilikuwa mtoto mwenye cheo. Nikamtajia dimbwi, ua wa waya, mbwa aliyefungwa na mbwa ambaye hakufungwa.

Ng'ombe alikuwa amelala kwenye majani, amechoka hata kulia. Baba akavua shati, akapaka mkono sabuni mpaka begani, akapiga magoti nyuma yake. Halafu akafumba macho. Nakumbuka hilo kuliko vyote vya siku ile. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu asubuhi, ukalegea. Mkono wake ulijua unakokwenda. "Mguu umekunjwa," alisema taratibu, kama anayeongea na ng'ombe mwenyewe, "ngoja nikunyooshee," na baada ya muda ndama akatoka, amelowa, anang'aa, nasi sote tukapiga makofi.

Mzee Kosgei alimletea maji ya moto na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni.

"Daktari, gari iko wapi? Sikusikia ikiingia."

"Nimeiwacha barabarani, Mzee." Baba alikuwa anajifuta mkono kidole kwa kidole. "Uko na mtu anaweza kuniendesha mpaka town?"

Mzee alimtazama. Akamtazama tena, machoni sasa. Akaita mwanawe.

Mama alikuwa langoni, shali shingoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Aliona gari letu likija, akaona kijana wa watu kwenye usukani, Baba kando yake, mimi nyuma na ndizi za Mzee Kosgei. Akaweka mkono mdomoni. Baba akashuka, akaenda mpaka mbele akishikilia boneti, nami nikakimbia kuleta taulo kwa sababu niliona anataka kuchomoa waipa. Akachomoa moja, akachomoa nyingine, bila kukosea popote. Akamnyooshea Mama.

"Nyar Alego," alisema. Ndivyo alivyomwita, binti wa Alego, akitaka kumbembeleza. "Weka hizi. Nimechoka kuzisingizia."

Mama alizipokea kwa mikono miwili, akazishika kifuani juu ya gauni lake safi, akalia. Hakuwa na sauti, kwa hiyo kilio chake hakikutoa mlio wowote, mabega tu yalitikisika. Baba akamtafuta kwa mkono mpaka akampata. Nami niliyeelewa mambo yote nikamvuta Mama gauni nikamwambia asilie, waipa ni nzima, hazina makosa, Baba mwenyewe amesema.

Ilikuwa presha ya macho. Nililisikia jina hilo baadaye, pamoja na matone ya dawa yaliyokaa kando ya chumvi mezani, na habari kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Baba alikuwa ameogopa kwenda hospitali kwa sababu aliogopa kuambiwa aache kuendesha, na asiyeendesha hafiki kwa ng'ombe, na asiyefika kwa ng'ombe si daktari wa mtu. Mama alijua. Kwa miezi yote ile alikuwa macho yake, na mimi nikimwita mmbea moyoni.

Nilipokua na kuanza kuendesha gari mwenyewe, niliwakasirikia. Nikipita mahali penye watoto wa shule barabarani, nilikuwa nafikiria zile kanzu nyeupe, na lile hindi, na mtoto mdogo aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele na kukabidhiwa roho za watu bila kuambiwa. Siku moja nilimwambia Mama hivyo, kwa ukali. Alitoa pini mdomoni. "Niliogopa kumwambia awache," alisema. "Nikakutuma wewe. Hiyo haikuwa sawa." Kisha akaendelea kushona. Hasira yangu iliisha polepole baada ya hapo, sijui siku gani.

Baba hakushika tena usukani. Mama ndiye aliyejifunza, fundi wa sare, mwoga wa hata baisikeli. Alizimikiwa na gari kila mahali mjini, akapigiwa honi na kila mtu, akafika. Alimpeleka kwa ng'ombe mpaka Baba alipozeeka, na mikono ya Baba ilifanya kazi ambayo haikuhitaji macho. Alinunua waipa mpya, akabadilisha mwenyewe, taulo kwanza. Zile za Baba alizifunga kwa gazeti na uzi wake akazirudisha juu ya kabati, na mimi nilizoea kutazama pale kila asubuhi na kuona kifurushi kipo. Baba yupo.

Na safari nzima alimsimulia. Sasa hakukuwa na haja, maana usukani ulikuwa wake, na mimi nilitegemea atarudi kunyamaza. Hakunyamaza. Kwa hiyo hakikuwa kiti.

Sasa Mama hayupo, na gari limekaa juani tangu alipougua. Nilikirudisha kifurushi juu ya kabati, nikapata picha chini ya vitambaa vya meza, na kesho yake nikaenda mjini kununua waipa, kwa sababu ni majira ya mvua na zilizokuwepo zilikuwa zimekauka mpaka zinakatika. Nilipokuwa naufungua mfuko wake nje ya nyumba, Baba akatoka akifuata ukuta kwa mkono.

"Umeweka taulo?"

"Bado, Baba."

"Weka."

Nikaweka. Akanyoosha mikono, nikampa waipa, akapima kwa vidole ipi ni ndefu. Akaupata mkono wa chuma, akaipata kulabu. Mimi niliyeshika stiringi miaka yote hii nilisimama tu nikitazama. Ilipoingia ikalia tik, na sote wawili tukatabasamu kwa wakati mmoja, ingawa yeye hakujua kwamba nami nimetabasamu.

Tuliondoka asubuhi, picha ya Mama kiti cha nyuma, imefunikwa na leso. Mvua ilitushukia kwenye mashamba ya chai ya Nandi, ile mvua ya kupiga paa mpaka mnapaza sauti. Nikapunguza mwendo, nikakaza macho. Waipa zilifuta bila kulia hata kidogo.

"Zinafuta?" Baba akauliza.

"Zinafuta vizuri, Baba."

Tukaenda hivyo. Baadaye akageuza uso upande wangu.

"Sasa mbona umenyamaza?"

Nikashtuka, nikajisikia tena mdogo, na hindi mkononi. "Kuna lori mbele," nikasema haraka. "Imebeba majani chai. Inapanda mlima polepole. Sitaipita, nitakaa nyuma yake."

"Lori nimeisikia kitambo," Baba alisema. "Mama yako alikuwa ananiambia watu wamevaa nini."

Nikatazama. Kando ya barabara, kwenye ukingo wa chai, alikuwapo mwanamke amesimama mvuani.

"Kuna mama," nikasema. "Amejifunika gunia ya mbolea kichwani. Anacheka, sijui anacheka nini. Ndani ya gunia kuna mtoto, amechungulia. Mtoto amevaa sweta ya manjano."

"Manjano ya ndimu ama ya embe?"

"Ya embe. Imeiva kabisa."

Baba akaegemeza kichwa kitini, akafumba macho, kama siku ile kwa ng'ombe wa Mzee Kosgei.

"Endelea," akasema.